Mbwa wa ulinzi hafundishwi kwa mnyororo wala pilipili

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache juu ya mbwa wanaofugwa majumbani na mashambani hapa Unguja na Pemba. Malalamiko tunayasikia kila siku, na ni ya kweli. Mbwa wa jirani anabweka kuanzia saa tano za usiku mpaka adhana ya alfajiri. Mbwa wa geti lililoachwa wazi kamrukia mzee aliyekuwa njiani kwenda msikitini, kanzu imeingia najisi na sala ya jamaa imempita. Watoto wa chuoni wanazunguka njia ndefu kukwepa nyumba moja tu. Mtu kaanguka na vespa yake kwa kufukuzwa.

Kinachotuuma ni kwamba dawa inayotolewa karibu kila nyumba ni ile ile: mnyororo ufupishwe, bakora iongezwe, na asiyesikia atiliwe sumu. Sisi kazi yetu ni kutibu na kufunza mbwa, na tunasema wazi kwamba mnyororo na bakora ndivyo vinavyozalisha ubaya wenyewe. Sumu nayo haichagui. Inaua paka na kuku wa watu wasiohusika, na mtoto anayeokota kitu chini naye yumo hatarini. Mbwa mwenye tabia mbaya anafundishika, hata aliyekomaa. Vinavyotakiwa ni dagaa, kamba, na robo saa kwa siku, kila siku.

Tuanze na jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema. Wafugaji wengi wa hapa hawamgusi mbwa wao. Wanamfuga kwa ajili ya mifugo, shamba, kuwinda au kulinda nyumba, lakini mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa anatupiwa chakula, anafungwa, na mambo yameishia hapo. Mtu akisikia habari ya mafunzo anafikiri atatakiwa ampapase na kumkumbatia kama wafanyavyo wageni. Hakuna haja hiyo. Aya ya 4 ya Suratul Maida inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na wasasi wa kusini Unguja wanajua siku nyingi kwamba mbwa anafuata sauti na ishara ya mkono. Mlinzi au mfugaji atenge nguo za kazi, ndoo moja na bakuli moja visivyotumika kwa kitu kingine. Chakula cha mafunzo akitupe chini au akitoe kwa mwiko mrefu wa mti. Kamba aishike upande ulio mkavu. Kila tutakachoeleza hapa kinafanyika hivyo, bila ya mkono kugusa mdomo wa mbwa hata mara moja.

Chakula chenyewe kiwe kitu anachokipenda kuliko cha kila siku. Mapupu ya ng'ombe yanafaa sana na bei yake si kubwa: chemsha robo kilo mpaka yaive, yaache yapoe, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Utapata zaidi ya mia moja. Dagaa nao wanafaa, ila hawa wakavu waliochemshwa kwa maji ya chumvi uwaroweke saa nzima na maji umwage, maana chumvi nyingi inamtia kiu na kumharisha. Chakula hiki kipunguzwe kwenye fungu lake la siku. Wakati mzuri wa kufunza ni kabla hajala. Mbwa aliyeshiba atakutazama tu.

Kwanza mpe alama. Simama hatua mbili kutoka kwake, piga ulimi kwenye kaakaa mara moja, na papo hapo mtupie kipande mbele ya miguu. Usimtake afanye lolote. Rudia mara kumi na tano, muache, urudi jioni. Kwa kawaida siku ya pili au ya tatu utaona ulimi ukilia tu masikio yanasimama na macho yanatafuta chini. Hapo ameshaelewa kwamba sauti ile huja na chakula, na sasa una njia ya kumwambia "hicho ulichofanya sasa hivi ndicho ninachokitaka".

Jambo la kumfunza mwanzo ni kukaa, kwa sababu mbwa aliyekaa hawezi kumrukia mtu wala kufukuza baskeli. Weka kipande kwenye ncha ya mwiko, upeleke juu kidogo ya pua yake, kisha usogeze polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kinapanda, makalio yanashuka. Makalio yakigusa ardhi tu, piga ulimi na udondoshe kipande. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachelewa. Alama ikija baada ya sekunde tatu mbwa ameshasimama, na wewe umemlipa kwa kusimama. Kosa la pili ni kuupandisha mwiko juu mno. Akiruka kuudaka, jua umeunyanyua kupita kiasi, ushushe mpaka karibu na pua. Neno "Kaa" usiliseme mpaka awe anakaa mara nane kati ya kumi kwa kufuata mwiko. Baada ya hapo sema neno mara moja, subiri, kisha onesha ishara. Ukilisema mara tano mfululizo atajifunza kwamba anatakiwa akae kwenye lile la tano. Dakika tano asubuhi, tano alasiri, tano usiku, na kila mtu wa nyumba atumie neno hilo hilo. Baba akisema "Kaa", mtoto "Tulia", mlinzi "Chini", mbwa hana la kushika.

Sasa kubweka, maana hili ndilo linalogombanisha majirani. Mbwa wa ulinzi lazima abweke, vinginevyo amewekwa wa nini. Lakini mbwa anayeona jambo hubweka kwa nguvu mara kadhaa, akanyamaza, akasikiliza, akabweka tena. Anayebweka kwa mlio mmoja usiobadilika saa nzima, akizunguka mahali pamoja, hajaona mwizi. Amechoshwa na upweke, au ana kiu, au kupe wamemjaa masikioni. Nenda ukatazame kabla ya kuchukua bakora.

Mbwa wengi wa aina hii wamefungwa langoni kwa mnyororo usiofika mita mbili, toka asubuhi mpaka usiku. Fikirini yanayotokea hapo. Mtu anapita, mbwa anabweka, mtu anakwenda zake. Mtu alikuwa anapita tu, lakini mbwa anaona amemfukuza yeye. Kila anayepita barabarani anampa ushindi mwingine, na kufika jioni amefanya mazoezi ya kubweka kutwa nzima. Zaidi ya hayo, mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana, na mnyororo umemuondolea ya kwanza. Hii ndiyo sababu mbwa wa mnyororo wanang'ata kwa urahisi, na mara nyingi anayeng'atwa ni mtoto aliyeufuata mpira ndani ya duara la mnyororo.

Kama ua una ukuta au uzio madhubuti, mbwa afunguliwe ndani yake na geti lifungwe. Kama hakuna uzio, chimbia nguzo mbili zilizoachana mita kumi, tandaza waya wa chuma kati yake kwa urefu wa kumpita mtu kichwa, tia pete kwenye waya, na pete ifungwe kamba ya kutosha mbwa kulala chini kwa raha. Kamba iungwe na mkanda wa shingo kwa kiungo kinachozunguka, ili isijisokote. Weka kizuizi kwenye waya mita moja na nusu kabla ya kila nguzo. Bila hicho atazungusha kamba kwenye nguzo mpaka ajinyonge. Kivuli na maji viwepo ndani ya mwendo wake. Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya kuingia vidole viwili. Mahali penyewe pawe uwani, mbali na barabara, na kama barabara inaonekana, ziba kwa makuti mpaka usawa wa macho ya mbwa. Makuti hayo tu, yanayosukwa na jirani yeyote, yanapunguza kelele kuliko fimbo ya mwaka mzima.

Halafu mbwa achoke. Nusu saa ya kutembezwa kwa kamba kabla jua halijapanda na nusu saa nyingine baada ya Magharibi, aachiwe anuse atakavyo, kwa sababu kunusa kunamchosha akili. Chakula kikubwa apewe baada ya matembezi ya usiku, kisha apelekwe haja. Mbwa aliyelala kutwa juani bila shughuli atakesha tu.

Neno "Kimya" linafunzwa mchana, si saa nane za usiku watu wamekasirika. Mtu unayemjua apite nje. Mbwa abweke mara mbili tatu, ndiyo kazi yake. Msogelee kwa utulivu, peleka mwiko wenye dagaa puani. Akinusa hawezi kubweka. Wakati huo sema "Kimya", hesabu mpaka tatu moyoni, piga ulimi, mpe. Siku inayofuata hesabu mpaka tano, kisha kumi, kisha ishirini. Akibweka katikati, usimpe. Rudi kwenye hesabu aliyoiweza. Kumpigia kelele hakusaidii, kwa sababu yeye anaona na wewe umejiunga kubweka. Na kuna jambo shurti mfugaji alijue mapema: mbwa aliyezoea kubweka mpaka mtu atoke nje na kumtupia chakula, siku utakayoacha kutoka atabweka zaidi kuliko jana. Anajaribu ile njia iliyomfaa siku zote. Ukishindwa siku ya tatu ukatoka, umemfunza kwamba anatakiwa abweke siku tatu. Waarifuni majirani kabla hamjaanza, na muwaombe radhi. Wengi watavumilia wakijua kuna linalofanywa.

Mwezi wa Ramadhani una shida yake. Watu wanatembea mpaka usiku mkubwa, wapiga daku wanapita na ngoma, na mlinzi naye amebadilisha saa za kulala na kula. Msibadilishe ratiba ya mbwa kwa siku moja. Wiki mbili kabla, sogezeni chakula na matembezi yake kwa robo saa kila siku mbili. Wakati wa daku ukikaribia, ahamishwe upande wa ndani kabisa wa ua, apewe mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe. Mfupa uliopikwa usitolewe, wa kuku ndiyo kabisa, unapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Kuruka juu ya watu kunatokana na watu wenyewe. Mtoto wa mbwa anaruka, watu wanacheka, wanamsukuma, wanampigia ukelele. Kwake yote hayo ni mchezo. Akifika kilo ishirini na tano mchezo umegeuka balaa. Dawa yake ni kumnyima alichokifuata. Mgeni anapoingia, mbwa awe kwenye kamba na mlinzi aikanyage kamba mahali ambapo mbwa anaweza kusimama na kukaa lakini hawezi kunyanyua miguu ya mbele. Akijaribu kuruka anajizuia mwenyewe, hakuna aliyemgombeza. Miguu minne ikiwa chini, piga ulimi, mtupie kipande ardhini. Akikaa, mtupie vitatu. Mgeni aangalie pembeni na asinyanyue mikono, maana mikono inayopanda inamualika. Wiki tatu za kushika hivyo bila kukosa zinatosha kwa mbwa wengi. Ikiwa kijana mmoja wa nyumba anaendelea kumchezesha kwa kurukiwa, haitakwisha hata mwaka.

Kufukuza vespa, baskeli na kuku ni jambo gumu zaidi kwa sababu linajilipa lenyewe: anachokifukuza siku zote kinakimbia. Hapa kwanza mzuieni asipate nafasi, kwa geti na kamba, kwa sababu kila mbio moja inavunja kazi ya wiki. Kisha mpelekeni na kamba mahali pa wazi, hatua hamsini kutoka barabarani. Tafuta umbali ambao anaiona vespa lakini bado anaweza kula. Mbwa anayekataa hata mapupu yuko karibu mno, rudi nyuma. Vespa ikitokea, piga ulimi wakati anaitazama, mtupie kipande upande wa pili ili ageuze kichwa. Baada ya siku chache akiiona vespa atakugeukia mwenyewe. Hapo sogea hatua tatu, si zaidi. Akianza kukakamaa na kuvuta, rudi ulikotoka. Kazi hii inaweza kuchukua miezi miwili, na msiache kamba mpaka muwe na hakika.

Kwa kuku tunasema bila kuficha: mbwa aliyekwisha kuua na kula hatoaminika peke yake na kuku. Jengeni banda, fungeni wavu. Ile desturi ya kumfunga mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze haimfunzi kitu. Mzoga unaleta mafunza na vidonda, na mbwa hawezi kuunganisha harufu ya leo na kosa la juzi.

Kwenye fukwe za Paje, Jambiani na Nungwi kuna jambo jingine. Watalii wanawalisha mbwa kwenye mchanga, mbwa wanaona pwani ni mali yao, na akina mama wanaoshuka kwenye mwani wakati wa maji kupwa ndio wanaobwekewa na kufukuzwa. Masika ikiingia hoteli nyingi zinafunga, chakula kinakatika ghafla, na mbwa wenye njaa wanahamia kwenye mabanda ya wanakijiji. Wenye hoteli wawalishe nyuma ya jengo, saa ile ile, kwenye vyombo, na wasikate chakula msimu ukiisha. Wageni waelezwe siku ya kufika kwamba kumlisha mbwa pwani kunaletea shida wenyeji. Na mbwa hao wahasiwe na kuchanjwa, kwa sababu jike mmoja ana mimba ya siku sitini na tatu tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Tukija kwenye kung'ata, tunaomba kila mwenye mtoto asome kwa makini. Mbwa karibu siku zote anatoa onyo kabla. Kwanza anageuza uso. Kisha analamba pua, anapiga miayo hali hana usingizi. Weupe wa jicho unaonekana pembeni, mwili unakuwa mgumu, mkia unasimama bila kucheza au unaingia katikati ya miguu. Halafu ananguruma. Akifika kunguruma ameshatoa maonyo manne matano ambayo hakuna aliyeyaona. Msimpige kwa kunguruma. Mbwa anayepigwa kwa hilo anajifunza kunyamaza, na siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye kung'ata. Akinguruma, ondoeni kilichomsumbua, muondoke polepole, kisha mjiulize kwa nini.

Mara nyingi sababu ni maumivu. Sikio lililooza, kidonda chini ya mkanda wa shingo, jino, kucha iliyong'oka. Mbwa mpole aliyebadilika ndani ya wiki apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya fundi wa mafunzo. Sababu nyingine ni mawe. Mtaa unaompiga mbwa mawe kila akipita unamfunza kuwaogopa watoto, na mbwa muoga ndiye anayetuumiza zaidi kuliko yule mkakamavu. Walimu wa skuli na wa vyuoni wanaweza kutusaidia sana hapa. Mtoto afundishwe kwamba akifuatwa na mbwa asikimbie, asimame kama nguzo, mikono ikunjwe kifuani, macho yatazame chini, mpaka mbwa achoke aondoke; akiangushwa ajikunje na kufunika shingo na masikio.

Na kuna wanaomlisha mbwa pilipili, au kumvutisha bangi, ili awe mkali. Pilipili inamuunguza tumbo, na mbwa mwenye maumivu anamng'ata yeyote, akiwemo mwenye nyumba. Bangi inamtia sumu. Mlinzi mzuri ni mbwa anayemjua wa nyumbani na wa nje, anayebweka akiona jambo na kunyamaza akiambiwa. Mbwa asiyetofautisha mwizi na mwanao hakulindi.

Mbwa anayenguruma akiwa kwenye chakula asinyang'anywe bakuli kumuonesha nani mkubwa. Hilo linamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Akila, pita hatua tano kutoka kwake, mtupie kipande cha mapupu kilicho bora kuliko alicho nacho, uende zako. Fanya hivyo kila mlo. Akiacha kukakamaa, pita hatua nne, kisha tatu. Baada ya wiki kadhaa anainua kichwa kwa furaha akikuona, kwa sababu kuja kwako kunaongeza chakula. Watoto wasihusishwe kabisa na zoezi hili.

Ikitokea mtu kang'atwa, msiweke pilipili, tumbaku wala mafuta ya taa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, zionekane ndefu zisionekane, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa ya kumponya. Mbwa naye asiuliwe kama anaweza kufungiwa salama: awekwe peke yake siku kumi, apewe maji na chakula kwa mbali, na ofisi ya mifugo ya wilaya iarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku kumi, hakuwa na virusi vya kichaa katika mate siku aliyomng'ata mtu. Mbwa aliyebadilika sauti, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, anayeng'ata mbao na mawe, asisogelewe na mtu yeyote.

Pemba ina la kutufunza katika hili. Kwa kampeni za chanjo ugonjwa huu uliondolewa kisiwani humo kufikia 2014, lakini mwaka 2016 ukaingizwa upya, na ikabidi kazi ianze tena mpaka 2018 ulipoondolewa mara ya pili. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa ili ugonjwa usipate njia, na watoto wa mbwa wanaozaliwa kila mwaka wanaishusha hesabu hiyo haraka. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha arudie kama kadi inavyoelekeza. Kwa wanaosafirisha mbwa kwa boti na majahazi, wasimpakie asiye na kadi.

Kwa anayetaka kuanza na mtoto wa mbwa, asimchukue kabla ya wiki nane. Wengi wanachukuliwa wakiwa na wiki nne au tano, na hao hawakupata muda wa kujifunza kwa ndugu zao kiasi gani cha jino kinaumiza. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo anapozoea dunia: aone kanzu, buibui, baskeli, mbuzi, mtu mwenye mkongojo, asikie adhana, ngoma na mvua kwenye mabati, na kila kimoja kije na kipande cha chakula. Atatafuna viatu meno yakibadilika, mpaka miezi sita saba hivi. Vifichwe, apewe mfupa mbichi. Akichimba mashimo wakati wa kaskazi anatafuta udongo wa baridi. Mpeni kivuli na maji, lita moja kwa siku kwa mbwa wa kilo ishirini, na joto likizidi mara mbili yake. Kumhasi dume kunapunguza kuzurura, kukojolea kuta na kupigana, hakumponyi uoga.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, na siku za sikukuu, fataki zinawatoa mbwa mbio mpaka wanapotea au kujinyonga kwenye minyororo. Siku hizo atembezwe mapema, afungiwe kwenye banda lenye kuta, bila kamba shingoni, na matandiko ya magunia ya kuingia chini yake.

Linalobaki ni la wenye nyumba wasiokaa nazo. Nyumba nyingi za Fumba, Mbweni na Tunguu zina mwenyewe yuko Maskati, London au Dar es Salaam, na mbwa kaachiwa mlinzi aliyepewa mshahara wa kulinda bila ya senti moja ya chakula cha mbwa. Mlinzi huyo tusimlaumu. Mwenye nyumba atenge pesa ya mapupu na dagaa kando ya mshahara, amlipe mlinzi kwa robo saa ya mafunzo, na aandike karatasi moja ya kubandikwa ukutani: maneno matatu yanayotumika, saa za kumfungua na kumtembeza, kiasi cha chakula, na tarehe ya chanjo ijayo. Na masheha, wanapoitwa kwa malalamiko ya mbwa, tunawaomba waulize kwanza mambo matatu: kadi ya chanjo iko wapi, mbwa anafunguliwa saa ngapi, na nani anayemlisha.

Wenu,
Watabibu na wafunzaji wa mbwa wa ulinzi,
Unguja